Hewa Ipitayo Nyufani: Historia ya Namba Iliyokisiwa katika Hesabu za Joto la Nyumba

Nyumba ya nchi ya baridi hupoteza joto kwa njia mbili, na wahandisi waliifahamu ya kwanza mapema na ya pili kwa kuchelewa sana. Njia ya kwanza ni ya joto kupenya katika kuta, paa, sakafu na vioo, ambayo tangu mwanafizikia Mfaransa Eugène Péclet alipochapisha kitabu chake juu ya joto mwaka 1828 imekuwa ikihesabiwa kwa utaratibu ulio wazi: eneo la ukuta, unene wake, aina ya tofali na tofauti ya joto baina ya ndani na nje. Njia ya pili ni ya hewa yenyewe, kwa maana hewa iliyokwisha kupashwa joto hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi ambayo haina budi kupashwa upya. Hewa hiyo ikiingia bila kuitwa, kwa kupitia nyufa za madirisha, mianya ya milango na viungo vya ukuta na paa, huitwa katika makala haya mpenyo wa hewa. Ikiingia kwa njia iliyokusudiwa, kama vile dirisha lililofunguliwa, tundu lililotobolewa kwa kazi hiyo au feni, huitwa uingizaji hewa. Leo mambo haya mawili hutenganishwa katika kila hesabu ya maana, lakini kwa zaidi ya miaka 100 yalifichwa ndani ya namba moja tu, na namba hiyo ilikuwa ya kukisia.

Msomaji aliyekulia katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja, ambako barabara nyembamba, ua wa ndani na vyumba virefu vilikusudiwa kuualika upepo, huenda akaona ajabu kwamba kuna watu waliotumia maisha yao kupima upepo upitao chini ya mlango. Sababu yake inaonekana katika hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa huhitaji takriban wati-saa 0.34 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kiasi hicho ni kidogo sana mtu akikitazama peke yake. Lakini ikichukuliwa nyumba yenye ujazo wa mita 300, ambayo ndani ina nyuzi 20 na nje nyuzi 10 chini ya sifuri, na ambayo hewa yake yote hubadilika mara moja na nusu kila saa, basi joto linalopotea kwa njia ya hewa peke yake hufikia wati 4,590. Nyumba hiyohiyo ikibadilisha hewa nusu mara kwa saa, upotevu hushuka hadi wati 1,530. Anayekosea katika kukisia kati ya nusu na moja na nusu atanunua tanuri kubwa kupita mahitaji, au atawaacha wenye nyumba wakitetemeka usiku wa Januari.

Zama za meko ya wazi hazikuwa na hesabu hiyo, kwa sababu hazikuihitaji. Dohani pana, yaani bomba la kutolea moshi, ilivuta hewa ya chumba kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa ya joto la kuni ilipaa nayo, huku baridi ikiingia kwa kila ufa ili kuziba pengo. Benjamin Thompson, ajulikanaye kama Count Rumford, aliyeandika juu ya meko mwaka 1796, alionyesha kwamba kulibana koo la dohani hadi upana wa inchi 4 hupunguza moshi na upotevu wa joto kwa pamoja; naye anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza walioelewa kwamba suala la moto wa nyumbani ni suala la njia za hewa kuliko la kuni. Katika Uingereza, kodi ya madirisha iliyotozwa tangu 1696 hadi 1851 ilikuwa imewafanya wenye nyumba wengi kuyaziba madirisha yao kwa matofali, na malalamiko ya waganga dhidi ya kodi hiyo yalilifanya suala la hewa safi kuwa la afya ya umma kabla halijawa la uhandisi.

Kipimo cha kwanza cha hewa anayohitaji mtu mmoja kilichopata kusikika sana kilitolewa na mhandisi Mwingereza Thomas Tredgold mwaka 1824, alipopendekeza futi 4 za ujazo kwa dakika, sawa na takriban mita 7 za ujazo kwa saa. Tredgold alihesabu kwa kufuata pumzi, unyevu wa mwili na moshi wa mshumaa, na ingawa hesabu yake ilikuwa ya busara, haikuwa na njia ya kuthibitishwa ndani ya chumba chenyewe. Njia hiyo ilipatikana München, mikononi mwa mkemia Max von Pettenkofer, na ndipo historia hii inapoanza kuwa ya sayansi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1858 juu ya mabadiliko ya hewa katika nyumba za kukaa, Pettenkofer alitoa hoja kwamba kinachomchosha mtu katika chumba kilichojaa watu ni uchafu utokao mwilini, na kwamba uchafu huo, kwa kuwa hauwezi kupimwa, unaweza kujulikana kwa kupima gesi inayotoka pamoja nao, yaani kabonidioksidi, ambayo yeye aliipima kwa maji ya barita. Alipendekeza mpaka wa sehemu 1 katika 1,000. Mpaka huo umeishi kuliko karibu kila kitu kingine alichoandika, na hadi leo vifaa vidogo vya kupimia hewa madarasani hugeuka rangi vikaribiapo sehemu 1,000 katika milioni. Hata hivyo ni haki kusema kwamba maana yake haikubaki ileile. Wakati wa Pettenkofer hewa ya nje ilikuwa na takriban sehemu 300 za gesi hiyo katika milioni, na sasa ina zaidi ya 420. Kwa hiyo mtu aliyetulia, ambaye hutoa lita 20 hivi za kabonidioksidi kwa saa, alihitaji wakati huo karibu mita 29 za ujazo za hewa ya nje kila saa ili mpaka usipitwe, na leo anahitaji zaidi ya mita 34. Namba haikubadilika, ila dunia iliyoizunguka imebadilika.

Pettenkofer alifanya jambo jingine lenye uzito zaidi kwa mada hii. Alikijaza chumba gesi hiyo, kisha akafuatilia jinsi inavyopungua saa baada ya saa, na kwa msaada wa kanuni iliyotungwa na mwanahisabati Ludwig Seidel akapata kiasi cha hewa kilichopita chumbani bila dirisha kufunguliwa. Huo ndio msingi wa mbinu ambayo wahandisi wa karne ya 20 waliiita ya gesi ya kufuatilia: gesi isiyodhuru humwagwa chumbani, na kasi ya kupungua kwake hueleza kasi ya hewa mpya kuingia. Lakini kipimo kizuri kilizaa tafsiri mbaya. Alipobandika karatasi juu ya nyufa za mlango na madirisha, mabadiliko ya hewa yalipungua kwa takriban robo tu, naye akahitimisha kwamba hewa iliyobaki ilipita katika matofali na chokaa, akatangaza kwamba kuta hupumua. Ni kweli kwamba tofali kavu hupitisha hewa. Yeye mwenyewe aliwaonyesha watu namna ya kuzima mshumaa kwa kupuliza kupitia tofali. Ila kuziba nyufa zionekanazo si sawa na kuziba nyufa zote, na vipimo vilivyofanywa Ujerumani katika miaka ya 1920 vilithibitisha kwamba ukuta uliopigwa lipu hupitisha hewa kidogo mno, isiyo na uzito wowote katika afya wala katika hesabu ya joto. Imani ya kuta zinazopumua ilikwisha kuenea wakati huo, na imeendelea kusikika midomoni mwa mafundi hadi karne hii.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, kupasha joto majengo kulikuwa kumegeuka taaluma kamili. Hermann Rietschel alishika kiti cha kufundisha upashaji joto na uingizaji hewa katika chuo cha ufundi cha Berlin mwaka 1885, na Marekani chama cha wahandisi wa fani hiyo kiliundwa mwaka 1894. Wakati huo daktari John Shaw Billings alikwisha kupendekeza futi 30 za ujazo kwa dakika kwa kila mtu, zaidi ya mara saba ya kiasi cha Tredgold, kwa sababu waganga waliogopa kifua kikuu na magonjwa mengine yaliyodhaniwa kukaa katika hewa iliyotulia. Hizo zilikuwa namba za shule, kumbi na hospitali. Nyumbani hakuna aliyeingiza hewa kwa kipimo. Iliaminika, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli, kwamba nyufa zingetosha.

Kwa hiyo mhandisi aliyetaka kujua ukubwa wa radieta za nyumba alikabiliwa na swali la kiasi cha hewa inayopita nyufani, na alijibiwa kwa njia mbili zilizodumu sambamba kwa miongo mingi. Ya kwanza ilikuwa ya idadi ya mabadiliko ya hewa. Majedwali ya Marekani yalimwelekeza akadirie nusu mara kwa saa kwa chumba kisicho na dirisha wala mlango wa nje, mara 1 kwa chumba chenye madirisha upande mmoja, mara 1.5 kwa pande mbili, na mara 2 kwa pande tatu. Kisha, kwa nyumba nzima, achukue nusu ya jumla, kwa kuwa hewa iingiayo upande unaopigwa na upepo hutokea upande wa pili na haiwezi kuhesabiwa mara mbili. Njia hii ilikuwa nyepesi, nayo ilikuwa na kasoro moja kubwa: iliangalia chumba kina madirisha mangapi, wala haikuuliza kama madirisha hayo yanafunga sawasawa.

Njia ya pili, ya urefu wa nyufa, ilijaribu kuondoa kasoro hiyo, na kazi iliyofanywa juu yake inastahili heshima. Mwaka 1924 F. C. Houghten na C. C. Schrader walichapisha vipimo vya hewa ivujayo katika madirisha, na baada yao watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakapima kuta za matofali zenye lipu na zisizo na lipu. Dirisha lilifungwa katika sanduku, upepo wa kasi inayojulikana ukasukumwa dhidi yake, na hewa iliyopita ikapimwa kwa kila futi ya ufa. Majedwali yaliyotokana na kazi hii yalieleza kwamba, upepo ukivuma maili 15 kwa saa, dirisha la kawaida la mbao, la aina inayopandishwa na kushushwa, huvujisha futi 39 za ujazo kwa saa kwa kila futi ya ufa, na likiwekewa utepe wa kuzibia futi 24. Lakini dirisha lililofungwa vibaya na fundi huvujisha futi 111, na utepe huzishusha hadi 34. Namba hizi zinasema jambo ambalo hakuna jedwali la mabadiliko ya hewa lililowahi kulisema: ufundi mbaya wa fremu moja unaweza kuzidi tofauti ya hali ya hewa baina ya miji miwili.

Hata hivyo njia ya nyufa nayo iliegemea dhana kwamba hewa hupita katika madirisha na milango, mahali panapoonekana, na kwamba upepo ndio unaoisukuma. Nguvu nyingine ilikuwapo. Hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, hivyo katika majira ya baridi nyumba nzima hufanya kazi kama dohani: hewa baridi huvutwa ndani kwa chini, hupashwa joto, hupanda, na hutoka kwa juu kupitia dari. Katika nyumba yenye kimo cha mita 5, joto likitofautiana kwa nyuzi 30, tofauti ya mgandamizo baina ya chini na juu ni takriban paskali 7 tu, nguvu ambayo mkono hauwezi kuihisi. Ila inasukuma usiku na mchana, hata upepo ukitulia, na husukuma zaidi pale baridi inapozidi, yaani wakati uleule ambao kila wati ina thamani. Vipimo vya gesi ya kufuatilia katika nyumba halisi, kama vile vya J. B. Dick na mwenzake Uingereza mwaka 1951, na vya C. W. Coblentz na P. R. Achenbach katika nyumba 10 za Marekani mwaka 1963, vilianza kuonyesha sehemu ya joto na sehemu ya upepo, na katika kazi ya Dick ilidhihirika pia kwamba wakaaji wenyewe, kwa kufungua na kufunga madirisha, hubadilisha matokeo kuliko mjenzi anavyotarajia. Vipimo hivyo vilibaki katika majarida ya wataalamu. Mafuta yalikuwa rahisi, na tanuri lililozidi ukubwa lilifunika kila kosa la hesabu.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha kuuza mafuta kwa Marekani na washirika wake, na kosa lililokuwa likifunikwa likawa na bei. Kwa bahati njema, kundi la Chuo Kikuu cha Princeton lililoongozwa na Robert Socolow lilikuwa limeanza mwaka mmoja kabla kuchunguza nyumba za mtaa mpya wa Twin Rivers, New Jersey, ambazo zilijengwa kwa ramani moja na hivyo zilifaa kulinganishwa. Walichokigundua kiligeuza fani. Juu ya dari za nyumba hizo palitandazwa kihami joto kama sheria ilivyotaka, lakini joto lililopotea kuelekea darini lilikuwa mara kadhaa ya lile lililohesabiwa, kwa sababu hewa ya joto ilipanda katika mianya iliyozunguka dohani, mabomba na kuta za kutenganisha nyumba, ikakipita kihami joto pembeni bila kukigusa. Mianya hiyo haikuwamo katika jedwali lolote la madirisha. Wahandisi walikuwa wamepima kwa uangalifu ufa wa dirisha kwa nusu karne, huku tundu la ukubwa wa dirisha zima likiwa limefichika juu ya kabati.

Chombo cha kuyaona matundu hayo kilitoka Sweden, ambako feni iliyofungwa kwanza dirishani na baadaye mlangoni ilitumiwa kunyonya hewa ya nyumba hadi tofauti ya mgandamizo ifikie paskali 50, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 5. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa sababu kinazidi misukosuko ya upepo wa kawaida, na bado feni ndogo inaweza kukifikia. Kanuni za ujenzi za Sweden za mwaka 1975 zilikuwa za kwanza kuweka mpaka: nyumba ya familia moja isibadilishe hewa zaidi ya mara 3 kwa saa chini ya mgandamizo huo. Feni ya mlangoni ilivuka bahari hadi Princeton, na mafundi waliokuwa wakikisia sasa waliweza kuweka mkono mbele ya soketi ya umeme au ukingo wa sakafu na kuihisi baridi ikiingia.

Palibaki tatizo moja, kwamba hakuna nyumba inayokaa chini ya paskali 50. Ili kupata mpenyo wa siku za kawaida, ilitumika kanuni ya kugawanya kwa 20, kiasi kwamba nyumba iliyopimwa kuwa na mabadiliko 6 ilihesabiwa kuwa na 0.3. Max Sherman na David Grimsrud wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walitunga mwaka 1980 hesabu iliyotenga nguvu ya upepo na nguvu ya joto, na baadaye Sherman akaeleza kwamba 20 si kanuni ya maumbile, bali hupanda au kushuka kwa kufuata tabianchi, kimo cha nyumba na miti au majengo yanayoikinga. Wanaogawanya kwa 20 bila kujali kama nyumba iko uwandani au imebanwa katikati ya mji wanarudi, kwa chombo cha kisasa, kwenye ukisiaji uleule wa mababu zao.

Mwaka 1977, katika mji wa Regina nchini Kanada, ambako usiku wa baridi kali hushuka chini ya nyuzi 30 hasi, Harold Orr na wenzake walijenga nyumba ya majaribio ya Saskatchewan iliyobadilisha hewa mara 0.8 tu kwa saa chini ya paskali 50. Mitambo yake ya jua ilikuwa ya gharama kubwa na haikuigwa sana. Kilichodumu ni utando wa plastiki uliofungwa kwa uangalifu katika kila kiungo, na kifaa kilichobuniwa na Robert Besant na wenzake wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, ambacho kilipitisha hewa chafu inayotoka sambamba na hewa safi inayoingia, zikitenganishwa na kuta nyembamba, ili ya kwanza iipe ya pili joto lake. Hapo mpenyo na uingizaji hewa vilitengana rasmi katika hesabu. Katika ile nyumba ya mita 300 za ujazo, hewa ikibadilishwa nusu mara kwa saa kwa kifaa kinachorudisha asilimia 80 ya joto, wati 1,530 hugeuka takriban 306, na hewa ya kupumua haijapungua hata kidogo.

Wengi walichukua nusu ya kwanza ya fundisho hilo na kuiacha ya pili. Waliziba bila kuingiza. Mwaka 1981 kiwango cha Marekani kwa majengo yasiyovutwa sigara kilishushwa hadi futi 5 za ujazo kwa dakika kwa mtu, karibu kabisa na zile 4 za Tredgold, na kikapandishwa tena hadi 15 mwaka 1989 baada ya malalamiko ya maumivu ya kichwa, ukungu wa kuta na harufu ya formaldihaidi itokayo katika mbao za kubandika. Disemba 1984 mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Pennsylvania alisababisha kengele za mionzi kulia, na ikagundulika kwamba mionzi hiyo aliitoa kwake nyumbani, ambako gesi ya radoni iliingia kutoka ardhini. Tukio hilo lilifundisha kwamba nyumba inayovuta hewa kutoka chini haichagui inachovuta. Mpenyo, hata ukiwa mwingi, si sawa na hewa safi. Huu ndio ukweli ambao namba moja ya kukisia iliuficha kwa muda wote huo, na ni kosa la kitaaluma, si la bahati mbaya, kwamba uliachwa ufichike.

Ujerumani ilifikia mwisho wa njia hiyo Darmstadt mwaka 1991, katika nyumba nne za safu za mradi ulioongozwa na Wolfgang Feist, ambazo kutokana nazo kulizaliwa kiwango cha mabadiliko ya hewa yasiyozidi 0.6 chini ya paskali 50, pamoja na feni na kifaa cha kurudisha joto. Nyumba nyingi za kawaida hazikufika huko. Zilibadilishiwa madirisha tu, na yale madirisha mapya yenye mipira ya kuzibia yakaondoa hewa ambayo ya zamani yalikuwa yakiivujisha. Ndiyo sababu kiwango cha Ujerumani kilichotolewa mwaka 2009 kinataka kwamba mtu anayebadilisha zaidi ya theluthi moja ya madirisha ya nyumba yake aonyeshe kwa maandishi hewa itaingilia wapi.